Chukua Ile Yenye Sauti

Zuhura,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Ujue hivyo tangu mwanzo, usije ukafika katikati ya ziwa ukaanza kujiuliza kama mama yako alikuwa anatania. Umetoka kwenda Buyenzi kuwaaga rafiki zako, nyumba imenyamaza, na mimi nimekaa mezani mbele ya sahani ambazo sijaziosha. Juu ya chakula cha njiani, nguo za kubeba na namna ya kukaa na watu usiowajua melini, sina la kukufundisha. Akili unazo, wakati mwingine unazo mpaka zinakera. Nataka kurudi kwenye lile swali uliloniuliza jana tukila, ambalo nililijibu kwa kuinuka na kwenda uani.

"Mama, shangazi anangoja jibu. Nimwambie anunue ile ndogo ao ile kubwa?"

Shangazi yako Aziza ana moyo mzuri kuliko mimi. Tangu marehemu baba yako atutoke, dada yake huyo hajaacha kutukumbuka kutoka huko Ubelgiji, na sasa kwa kuwa umepata kazi ya kupiga picha kwenye gazeti la Dar es Salaam, anataka kukupa kamera yako mwenyewe, hizi za kisasa zisizotiwa filamu. Moja tu, uchague. Hilo ni jambo la kushukuru. Nami nilishukuru, mpaka ulipoanza kunieleza.

Ile kubwa, ulisema, ni kama ya baba yako kwa umbo. Unabadilisha lenzi upendavyo, ukibonyeza inapiga papo hapo, na ndani ya chumba chenye giza bado inaona. Lakini ni nzito, vumbi linaingia ukifungua lenzi, na ikipiga inatoa mlio mpaka chumba kizima kinageuka. Ile ndogo haibadilishwi lenzi, lakini iliyopo inaona karibu na inaona mbali, picha zake zinatosha gazetini, nawe unaitia kwenye mkoba kama kitambaa. Ni kweli ukibonyeza inafikiri kwanza kabla ya kupiga. Uliniambia mwenyewe, ukacheka. Kisha ukaweka kijiko chini, macho yakakung'aa, ukasema:

"Na kioo chake kinapinduka, Mama. Unaishika tumboni, unaangalia chini kama mutu anayetafuta funguo. Ata sauti yake unaizima. Hakuna anayejua umepiga."

Hapo ndipo nilipoinuka.

Zuhura, mimi sikatai ile ndogo kwa sababu ya udogo wake. Kamera ni kamera. Ungeniambia mgongo unakuuma, ningekwambia chukua ndogo, mwanangu, upumzike. Ungeniambia mkono wako ni mwembamba, ningekubali. Ninachokataa ni ile sababu uliyonipa, ukiwa umefurahi hivyo, na kunipa mimi kati ya watu wote wa Bujumbura. Mimi, Zuhura. Ulisahau unaongea na nani?

Basi nitakukumbusha, na humo humo nitakueleza na yale usiyoyajua.

Kaka yako Ramazani alikwenda Carama kutengeneza mashine ya kusaga mahindi. Asubuhi ilikuwa ya kawaida, hata chai hakumaliza. Mchana risasi zikalia upande ule, kama zilivyokuwa zikilia kila mara, nasi tukasema atalala huko huko mpaka kutulie. Alirudishwa nyuma ya pikapu, amefunikwa turubai. Tulimzika. Nyumba ikajaa watu, na siku ya tatu nikashindwa kuvumilia tena sauti za watu wakiniambia nishukuru. Nikaenda uani. Nikaiona ovaroli yake nyingine ya kazi imetundikwa kwenye msumari, ina grisi mpaka shingoni. Nikaiteremsha nikaanza kuifua.

Nani anamfulia maiti nguo? Nilijua ni wazimu. Nilijua pia kwamba ile grisi ikitoka sitakuwa na kitu chake tena, na bado mikono haikukubali kuacha. Mtandio ulikuwa umeanguka kwenye tope. Kitenge kilikuwa kimeshuka, bega moja nje. Nywele zangu zote wazi. Nililia kwa sauti ambayo hata wewe niliyekuzaa hukupaswa kuisikia.

Na wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jiko, na kijikamera cha kuazima tumboni.

Sikukiona, wala sikusikia kitu. Yule Madame aliyekuwa akiwafundisha vijana kupiga picha alikuwa amekuazima, na kamera ile ilikuwa na adabu sana, haikusema hata neno.

Miezi ikapita. Sikujua. Siku moja jirani yetu Bi Hadija akaja, akakaa, akazungukazunguka na maneno ya bei ya samaki wa ndagala, mwisho akasema: "Mama Ramazani, usikasirike. Mutoto wangu amekuona kule muji. Umetundikwa kwenye ukuta."

"Nimetundikwa?"

"Foto yako. Kubwa kama mulango."

Siku ile niliyokupiga kofi uliporudi nyumbani, ulidhani nimesikia tu maneno ya watu. La. Nilikwenda. Hilo sikuwahi kukwambia. Nilivaa gauni langu la Idi, nikajitanda vizuri, nikamshika Bi Hadija mkono tukapanda basi mpaka mjini, tukaingia kwenye ukumbi wa maonyesho ya picha za vijana wa Madame kama wageni wengine. Hakuna aliyetuuliza. Kulikuwa na watu wenye glasi mkononi, wanaongea polepole. Na pale mwisho, ukutani, mimi. Wanaume ambao hawajawahi kuziona nywele zangu walikuwa wakiziona. Bi Hadija akaniachia mkono, akageuka akaangalia mlango, Mungu ampe kheri.

Chini ya picha palikuwa na kikaratasi cha Kifaransa. *Une mère, Bujumbura.* Yaani mama fulani wa Bujumbura.

Mwanamume mmoja wa makamo, mwenye tai, alikuwa amesimama karibu yangu. Akaniona ninaangalia, akasema kwa upole kabisa: "Ni foto kali sana, Mama. Hii ndiyo sura ya hii vita."

Nikamuuliza: "Huyu ni nani?"

"Ni mutu tu. Mama mumoja."

"Hana jina?"

Akainama, akasoma kile kikaratasi tena. "Apana. Hawakuandika."

"Na hii nguo anayofua ni ya nani?"

Akaikazia macho, kwa bidii, kama mwanafunzi anayetaka kupata. "Labda ni ya bwana yake," akasema. "Labda bwana yake ni fundi."

Nami nilikuwa nimesimama pale, karibu kiasi kwamba angeweza kunigusa, na hakunitambua. Nilitaka kusema: Ni mimi. Naitwa Mwajuma, na nguo ni ya mwanangu Ramazani, alikuwa na miaka ishirini na minne, alikuwa akipiga mluzi vibaya, na nina binti mmoja aliyebaki ambaye ndiye aliyenifanyia hivi. Badala yake nikamwambia "asante," Zuhura. Nilimwambia asante! Nikamshika Bi Hadija tukatoka. Kama kuna siku ninayotamani kuirudia maishani mwangu ni ile, niirudie niseme jina la mwanangu kwa sauti mpaka zile glasi ziteremshwe. Kunyamaza kwangu siku ile kumenifundisha kuliko miaka yangu yote ya chuoni na shuleni, na ndiyo maana leo sinyamazi.

Uliporudi jioni nikakupiga kofi. Sikuombi msamaha kwa lile kofi. Ulishika shavu, hukulia, ukaniambia maneno ambayo ningependa kusema niliyasahau: "Ningekuomba ungejifunika. Ungekaa vizuri kama kwenye foto ya kitambulisho. Isingekuwa kweli."

Wewe ulikuwa na maneno, mimi nilikuwa na mkono tu.

Nikwambie jambo linaloniuma zaidi ya yote? Ile picha ni nzuri. Nimekaa miaka kumi na saba kwenye studio ya baba yako, nimeona picha nyingi, najua picha ikiwa imekufa na ikiwa hai. Ile iko hai. Ungekuwa umepiga vibaya ningekusamehe mapema. Lakini ulisimama pale, ukaona mwanga umeangukia wapi, ukangoja niinue uso, na ukapata. Una kipaji cha baba yako. Na kipaji hicho cha kwanza kabisa ulikitumia kuniibia mimi.

Sasa nisikilize juu ya baba yako, maana ulikuwa mdogo na hadithi hii tulikuambia nusu yake tu, ile ya kuchekesha.

Alikuwa anatoka kupiga picha za harusi Kinama. Watu walikuwa bado wanaoana, vita haikuwazuia. Kwenye bariyeri ya barabarani wanajeshi wakamshusha. Kamera yake unaikumbuka, chuma kitupu, inaning'inia kifuani kama kengele ya ng'ombe. Mmoja wao akamuuliza, "Unapiga foto za bariyeri yetu, unapelekea nani?" Na kabla hajajibu wakamgonga shingoni kwa kitako cha bunduki. Hiyo ndiyo nusu ambayo hatukukuambia. Shingo ile haikugeuka vizuri tena mpaka anaingia kaburini. Wewe ulidhani ni mazoea yake kugeuka mwili mzima.

Walimkalisha juani. Baadaye akasema, "Afande, kama ningetaka kuiba foto ningekuja na kitu cha kuficha. Hii naificha wapi?" Wakacheka. Kijana mmoja kati yao, mdogo kuliko wote, akasema anataka kupigwa picha. Baba yako akasimama, na shingo yake ile, akamweka kijana vizuri, akamwambia avue kofia jua lifike usoni, akamuuliza jina, naye akamtajia la kwake: "Mi naitwa Saidi. Studio yangu iko Bwiza. Uliza mutu yeyote." Kamera ikalia, klak. Wakamwachia.

Yule kijana hakuja kuchukua picha. Tukasahau.

Zaidi ya mwaka ukapita. Mchana mmoja nilikuwa nakata picha za vitambulisho kaunta, akaingia mama mmoja kutoka vilimani, viatu ameshika mkononi ili visichakae. Kiswahili alikuwa na maneno machache. Akasema "Saidi". Nikamwita baba yako. Yule mama akasema, "Mwana wanje," yaani mwanangu, akajigonga kifua, kisha kwa Kirundi akatueleza, polepole ili tufuate: mwanawe alikuwa askari, aliwahi kufika nyumbani kwa likizo, akamwambia kuna Mwislamu mmoja wa Bwiza anaitwa Saidi amempiga picha, siku moja atakwenda kuichukua. Sasa amekufa. Nyumbani hawana picha yake hata moja, hata ya utotoni. Amekuja kuuliza kama ni kweli.

Baba yako alifunga duka. Alitafuta kwenye filamu zake mpaka akaipata. Akaingia chumba cha giza, akatoka na karatasi bado ina maji. Yule mama akaishika kwa ncha za vidole, akaisogeza karibu na macho. Halafu akauliza:

"Anacheka. Nani alimuchekesha?"

"Ni mi," baba yako akasema.

Akamshika baba yako mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka. Hatukumwona tena.

Nilimkasirikia baba yako siku hiyo, unajua? Nilimwambia: umemfungia duka mama wa watu waliokuvunja shingo. Akaniambia, "Kijana alitaka kupigwa foto, nikampiga. Mengine sijui." Nami nikaendelea kukata vitambulisho kwa hasira. Ilinichukua kifo cha Ramazani kuelewa kilichonipita pale kaunta. Yule mama alitembea kutoka vilimani, katikati ya vita, akafika mlangoni kwetu, kwa sababu aliyempiga picha mwanawe alisimama mbele yake na akamwachia jina. Kwa ile picha yangu mimi, hata angetokea mtu wa kunitafuta ampe pole mama yake Ramazani, angeanzia wapi? Mama fulani, Bujumbura. Tuko wangapi?

Umesema ukiomba watu watajifunika. Ndiyo, wengine watajifunika, na ni haki yao. Wengine watakufukuza. Lakini yule kijana aliiona kamera mbele yake, na hakujifunika. Alicheka, katikati ya bariyeri, na bunduki begani. Hiyo nayo si kweli? Au kweli kwako ni machozi peke yake?

Usidhani sioni upande wa pili. Mimi ni mama, si kichaa. Nimeshamzika mmoja. Siku nzima ya leo nimekuwa nikipigana na nafsi yangu hapa jikoni, kwa sababu najua ile kubwa itawaita watu wabaya kama taa inavyoita wadudu. Watakushika, watakunyang'anya, watakuuliza unapelekea nani. Wakati mwingine hawatacheka. Na ile ndogo mkobani ingekuficha, ungerudi nyumbani na shingo inayogeuka. Mama yeyote mwenye akili angekwambia chukua ndogo ukae salama. Adhuhuri nilikuwa nimeshaamua hivyo. Nilikuwa nimeshavaa viatu niende kumpigia shangazi yako nimwambie ndogo, basi, yaishe, heri mwanangu awe mwizi wa picha kuliko awe marehemu.

Nikafika kwa yule kijana wa kibanda cha simu pale kona, nikangoja zamu. Mbele yangu alikuwa mama mmoja Mkongo anaongea na mtu wa Uvira, na kulikuwa na kijana mwingine amesimama ng'ambo ya barabara, ana simu hizi mpya zenye kamera, amejifanya anasoma. Anampiga picha yule mama, na nadhani na mimi. Sijui kwa nini, pengine kwa kujaribu simu tu. Nikavuka barabara. Nikamwambia, "We, unapiga?" Akasema apana, Mama, apana, mi naangalia saa. Akaondoka mbio. Zuhura, nilimwangalia mgongo wake akikimbia, nikaona ni wewe. Hakuwa na ubaya. Alikuwa mwoga tu. Nikajua sikukulea miaka yote hii kwenye vita hii ili uwe mtu wa kukimbia ukiulizwa swali.

Nikarudi kwenye simu.

"Wifi," Aziza akasema, "mtoto amekata shauri gani?"

"Mtumie ile kubwa."

"Yeye aliniambia anapenda ile ndogo."

"Najua."

Anakumbuka yaliyompata kaka yake. "Mwajuma, haitamletea matatizo?"

"Itamletea," nikamwambia, na hapo sauti ikanikatika mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja simu, nikawaacha waangalie.

Kwa hiyo imeshaamuliwa. Ukifika Dar utaikuta kubwa. Ukitaka kuibadilisha, una mdomo, mpigie shangazi yako mwenyewe, ni mkarimu, atakusikiliza. Lakini usimpe ile sababu uliyonipa mimi. Mpe nyingine.

Na ile picha yangu, najua umeifungasha. Nimeiona kwenye begi lako, chini ya sweta, nilipokuwa nakukunjia nguo. Sikuitoa. Kule gazetini wataomba kuona kazi zako na utaionyesha, kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote, na mimi na wewe tunajua. Onyesha. Nakupa ruhusa ambayo hukuiomba. Lakini wakikuuliza huyu ni nani, usithubutu kusema mama fulani. Sema ni Mwajuma binti Sefu wa Bwiza, anafua ovaroli ya mwanawe Ramazani, na mimi niliyepiga ni binti yake. Useme yote matatu. Ukiona aibu kusema la tatu, basi umeanza kujifunza kazi.

Nasikia mlango wa nje. Ni wewe, unavua viatu, unacheka na mtu aliyekusindikiza. Barua hii sitakupa leo, kwa maana utaisoma umesimama na utakuwa na jibu kabla hujafika chini, kama siku zote. Nitakupa kesho bandarini, kamba zikishafunguliwa na meli ikishaanza kuachana na gati, ili kwa mara moja maishani mwako unisikilize mpaka mwisho.

Kisha ufike Kigoma salama, utafute kalamu, unijibu.

Mama yako,
Mwajuma